Upi ndio wimbo wenyewe?

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni ugomvi wa wimbo. Sisemi ule ugomvi wa nani katunga na nani anastahili malipo. Huo una mahakama zake. Nasema ugomvi unaozuka arusini, pale mpiga fidla anapoanza mahadhi ya zamani, na mtu wa makamo aliyeketi pembeni akatikisa kichwa na kusema, "Sivyo hivyo. Wimbo huu haupigwi hivyo." Mwingine naye humjibu, "Ndivyo hivyo hasa. Wewe uliusikia wapi?" Basi hapo kila mmoja huapa kwa jina la marehemu fulani, na pilau hupoa mezani.

Swali lililomo ndani ya ugomvi huo ni zito kuliko linavyoonekana. Wimbo ambao haukuandikwa popote, uliopokewa mkono kwa mkono kwa miaka sabini au themanini, upi ndio wenyewe? Na ni nani mwenye haki ya kumwambia mwenzake kwamba amekosea?

Msikilizaji aliyenizoea anajua kwamba kwa miaka minne sasa najifunza fidla, jioni baada ya kazi, kwa uvumilivu mkubwa wa majirani. Likizo yangu iliyopita nilivuka bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, kwa nia moja tu: kujifunza mahadhi ya wimbo mmoja wa arusi. Sitautaja kwa jina, kwa sababu nilikuta una majina matatu, na kila upande wa kisiwa unaona jina lake ndilo la haki.

Kwa asiyepajua, Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, kisiwa kilicholala mbele ya delta ya Mto Rufiji, na kandokando yake vipo visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo. Magazeti hupataja kwa sababu ya papa potwe na kwa sababu ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Muziki wake hutajwa kwa nadra. Lakini kisiwa hiki kilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka Waingereza na Wajerumani walipogawana pwani kwa mkataba wa mwaka 1890, Mafia ikaangukia kwa Wajerumani. Mpaka ulichorwa karatasini, majahazi hayakuusoma. Nazi na samaki wakavu viliendelea kwenda Unguja, na vitu vya Unguja viliendelea kurudi, zikiwamo nyimbo.

Fidla yenyewe ilikuwa miongoni mwa vitu vilivyokuja kwa njia ya bahari. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki wa huko, na kutoka hapo taarab ikashika mizizi. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kimepita umri wa miaka mia moja. Udi, kanuni, nai, fidla na rika vikatoka barazani mwa wakubwa na kuingia mitaani, kisha vikapanda majahazini. Ndiyo maana hata katika kisiwa kisicho na duka la kuuza uzi wa fidla, utakuta fidla.

Kisiwani nilikutana na wapigaji watatu wa wimbo ule ule.

Wa kwanza ni mzee wa Kilindoni, aliyekuwa seremala wa majahazi kabla macho yake hayajapungua nguvu. Nilipompa shikamoo aliitikia, "Marahaba, mwanangu. Umekuja kutazama papa potwe?" Nikamwambia nimekuja kutafuta wimbo. Akasema, "Haya, huo hauhitaji mashua. Keti." Alijifunza fidla Unguja alipokuwa kijana akitafuta kazi, akarudi nayo imefungwa kwenye kanga.

Wa pili ni mwalimu wa shule ya msingi, upande wa Kirongwe. Yeye alifundishwa na mzee huyo, akikaa mbele yake na kutazama vidole, kwa sababu mzee hajui kusoma nota wala hajawahi kuzihitaji.

Wa tatu ni kijana wa Utende, anayepiga kinanda cha umeme kwenye arusi za siku hizi. Huyu aliupata wimbo ndani ya simu, katika rekodi ya kikundi kimoja cha Dar es Salaam, na hakuwahi kumsikia mzee wala mwalimu.

Niliwarekodi wote watatu, kisha nikachora daftarini safu tatu na kuandika: anaanzaje, anamjibuje mwimbaji, anamalizaje. Nilitazamia kukuta wimbo wa mzee ukiwa kamili, wa mwalimu ukiwa umepungua kidogo, na wa kijana ukiwa umeharibika. Ndivyo tulivyozoeshwa kufikiri: cha kale ni dhahabu, na kila kikombe kinachomimina kwenda kingine humwaga kidogo. Daftari lilionyesha mambo mengine.

Tofauti ya kwanza ilikuwa katikati ya ubeti. Kwa mzee, baada ya mshororo wa tatu mwimbaji hunyamaza, na fidla huendelea peke yake kwa muda wa makofi manne. Mwalimu naye hufanya hivyo hivyo. Nilimhesabia, makofi manne kamili. Kijana hana nafasi hiyo kabisa. Anatoka mshororo wa tatu na kuingia wa nne bila kupumua, kwa kuwa ngoma iliyomo ndani ya kinanda chake haisubiri mtu.

Nilimwuliza mwalimu kwa nini fidla hubaki peke yake pale. Akanijibu, "Ndivyo wimbo ulivyo." Nilipomwuliza mzee, alicheka mpaka akakohoa. Akasema mwimbaji aliyekuwa naye miaka ile alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzuri kuliko zote kisiwani, lakini alikuwa na pumu. "Hapo ndipo alipokuwa akiishiwa pumzi," akasema. "Mimi nikimshikia mlango mpaka apate hewa."

Mama yule alikwisha kufariki. Lakini makofi yake manne yamo mkononi mwa mwalimu ambaye hakupata kumwona, na siku mwalimu atakapofundisha mtoto, yatakwenda kwa mtoto. Mzee alinitajia jina la mama huyo, nami nimeliandika daftarini. Kulitangaza ni haki ya jamaa zake.

Tofauti ya pili ilinishangaza zaidi. Katika mshororo wa mwisho, mahadhi ya kijana hupanda juu kabla ya kutua. Ya mzee na ya mwalimu hushuka. Mtu akisikiliza bila kuuliza atasema kijana ndiye aliyepotosha. Mzee alisema kinyume chake. Zamani, wimbo ulikuwa ukipanda. Mwaka mmoja, katikati ya msimu wa arusi, uzi wake mwembamba ulikatika. Uzi mwingine ulipaswa kuletwa kutoka Dar es Salaam, na safari za wakati ule mnazijua. Kwa miezi mitatu akapiga na nyuzi tatu, na kwa kuwa juu hakufiki, akashuka. Uzi ulipowasili akarudia njia ya zamani, na akina mama wakamzomea. Walikwisha kuzoea kushuka, na kupanda kukawa ndiko kukosea.

Tazama basi, ndugu msikilizaji. Katika zile pumzi nne, mzee na mwalimu ndio walioshika jambo la kisiwa chao, na kijana hana habari nalo. Katika kupanda, kijana wa kinanda, aliyejifunza simuni, ndiye aliye karibu zaidi na wimbo wa zamani kuliko wazee wake. Hakuna hata mmoja wa hawa watatu anayeweza kuapa kwamba wimbo wote wa kale uko kwake. Kila mmoja ameshika upande.

Tofauti ya tatu ni ya sauti zenyewe. Muziki tulioupokea kutoka Misri una makamu ambamo sauti nyingine hukaa katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda. Kidole juu ya uzi wa fidla hakina kizuizi. Kinaweza kusimama popote. Kwa wapigaji wa Misri ni kawaida kufunga nyuzi sol-re-sol-re, badala ya sol-re-la-mi za Ulaya, ili mkono upate njia hizo kwa wepesi. Vipo vinanda vya umeme vinavyoweza kurekebishwa vifuate makamu, lakini cha kijana wa Utende si miongoni mwao. Analijua hilo. Aliniambia, "Nasikia kabisa kwamba sauti ile haipo hapa. Lakini watu wamelipa, na bibi arusi yuko njiani."

Sasa tutoke kisiwani kidogo, tutazame jinsi chombo kinavyoweza kuubadili wimbo na watu wasitambue. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake mpaka Bombay na kurekodiwa na kampuni ya santuri iliyotumia chapa ya His Master's Voice. Santuri zile zilinunuliwa pwani nzima. Lakini upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba dakika tatu hivi tu. Wimbo uliokuwa ukijaza sehemu kubwa ya usiku barazani ulilazimika kuingia katika dakika tatu, na beti zisizoingia zikabaki nje. Aliyeusikia wimbo kwa mara ya kwanza kutoka gramafoni alidhani ndivyo ulivyo, mfupi na wenye haraka. Tena gramafoni za siku zile zilizungushwa kwa mkono, na kamani ilipoanza kulegea santuri ilipunguza mwendo, sauti ikashuka. Sishangai ikiwa wako waliojifunza kutoka kwenye gramafoni yenye kamani mbovu na kuupiga wimbo polepole maisha yao yote.

Wimbo mmoja wa Siti uitwao Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke, uliimbwa tena miongo mingi baadaye na Bi Kidude, yaani Fatuma binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013. Msikilize mmoja, kisha msikilize mwingine. Kisa ni kile kile, lakini kila bibi ana mwendo wake na mahali pake pa kuvuta pumzi. Sijapata kumsikia mtu mwenye akili akisema Bi Kidude alikosea kwa sababu hakufanana na santuri.

Wenzetu wa mbali nao wameyapitia haya. Ayalandi ni nchi ya fidla. Kila wilaya ilikuwa na namna yake ya kupiga ngoma za kijijini. Mwaka 1914 kijana mmoja wa huko, Michael Coleman, mzaliwa wa wilaya ya Sligo, alihamia New York. Katika miaka ya 1920 akaanza kurekodi santuri, na santuri hizo zikavuka bahari kurudi kwao. Alikuwa fundi wa ajabu, na hilo ndilo lililoleta tatizo. Wapigaji wa vijijini walipomsikia, wengi waliona haya kwa namna zao wenyewe na wakaanza kumwiga. Namna ya Sligo ikatamba, na namna nyingine nyingi zikafifia, ingawa hazikuwa na kasoro yoyote ila ile ya kutokuwamo kwenye santuri. Huko huko Marekani, Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha mwaka 1903 kitabu chenye nyimbo za Kiayalandi 1,850. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa, na bila yeye nyingi zingepotea. Hata hivyo, wimbo uliokuwa na njia tano vijijini, mara nyingi ulipata njia moja tu kitabuni, na ile moja ikaanza kuitwa ndiyo sahihi.

Kwetu sisi, kazi iliyofanywa na santuri na kitabu ilifanywa zaidi na redio, na sasa inafanywa na simu. Namna inayosikika mara elfu huiua namna inayosikika mara moja, hata kama haikukusudia. Kijana wa Utende anapopiga wimbo wa simuni, wageni kutoka Dar es Salaam hufurahi kwa sababu wanaujua. Mwalimu wa Kirongwe alipoupiga kwa njia ya kisiwa katika arusi moja, aliambiwa na wageni hao hao kwamba amesahau. Tangu siku hiyo ameiweka fidla yake juu ya kabati.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo penye hasara. Mzee wa Kilindoni vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto havipindi tena. Sasa anapiga kwa vidole viwili vilivyobaki, na wimbo umeanza kubadilika kwa mara nyingine. Mwalimu ndiye pekee aliyebaki na njia ile kwa mkono mzima, naye ameshushwa moyo na watu wasiojua kwamba wanachokiita kosa ni pumzi ya mwimbaji wao bora.

Najua kuna msikilizaji atakayeuliza: Je, ukisema kila namna ni sawa, basi hakuna kukosea? Kila mwenye fidla akwaruze atakavyo, tumwite fundi? Hili ni swali la haki, na nililipeleka kwa mzee. Hakufikiri sana. Alisema, "Ukikirudia mara tatu vile vile, na mwimbaji akakufuata asipotee, hiyo ni njia. Ukishindwa kukirudia, umekosea." Sijasikia kipimo bora kuliko hicho. Kinamtaka mpigaji ajue anachokifanya na aweze kubeba wenzake. Kwa kipimo hicho mzee anafaulu, mwalimu anafaulu, na kijana wa kinanda naye, tumpe haki yake, anafaulu.

Sasa tufanye nini? Yapo mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa wafadhili.

Kwanza, yeyote anayemrekodi mpigaji, awe mtangazaji, mwanafunzi au mjukuu mwenye simu, aanze kwa kumwuliza na kumwacha ajibu kwa sauti yake: Wewe ni nani, ulijifunza kwa nani, wapi, mwaka gani, na nyuzi zako umezifungaje? Dakika moja ya majibu hayo inaupa mtindo wake ukoo. Kanda isiyo na maelezo ni kama barua isiyo na jina la aliyeiandika. Utaisoma, lakini hutajua umjibu nani. Maktaba ya kanda za iliyokuwa Radio Tanzania ni hazina ya taifa, na thamani ya kila kanda humo huongezeka pale inapojulikana nani anapiga na wapi.

Pili, mashindano ya utamaduni yaache kutafuta nani kaupiga wimbo "kwa usahihi", kana kwamba waamuzi wamebeba wimbo wenyewe mfukoni. Afisa Utamaduni wa wilaya anaweza kuwaita wapigaji watatu wa wimbo mmoja, wakae jukwaa moja, kila mmoja apige njia yake na aeleze ilikotoka. Nawahakikishia watu watakaa. Kisa cha uzi uliokatika peke yake kinatosha kuwaweka vitini.

Tatu, vyuo vyetu vya muziki, kama kile cha Nchi za Jahazi kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, vimefanya kazi njema ya kuwafundisha vijana fidla, udi na kanuni. Ombi langu ni kwamba mwanafunzi asimalize masomo kabla ya kwenda kijijini kujifunza njia mbili za wimbo mmoja kutoka kwa watu wawili tofauti, na kueleza zinatofautiana wapi na kwa nini. Hapo atajifunza muziki, na atajifunza pia watu.

Kabla sijaondoka Mafia nilimsikilizisha kijana wa Utende rekodi ya mzee. Aliisikiliza mara mbili, akahesabu makofi manne kwa kidole mezani, kisha akauliza, "Hapa katikati kuna nini?" Nikamweleza habari ya mama mwenye pumu. Alikaa kimya, halafu akaniuliza kama nina namba ya simu ya mwalimu wa Kirongwe. Nilimpa, kwa idhini ya mwenyewe. Kama amempigia au hajampigia, hilo ni lao wawili. Lakini safari kutoka Utende hadi Kirongwe kwa pikipiki si ndefu, na fidla iliyo juu ya kabati haihitaji zaidi ya kufutwa vumbi na kukazwa nyuzi.

Nawe msikilizaji, jumapili hii ikiwa una bibi au babu anayejua wimbo, mwombe akuimbie. Usimsahihishe. Mwulize alimsikia nani.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.